Mali, Daftari na Lugha

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufundishwa shuleni kama wasia wa uangalifu, nayo kweli ni wasia huo. Lakini ndani yake limo swali ambalo wahenga hawakulitamka: daftari hilo limeandikwa kwa lugha ya nani? Mtu aweza kuwa na daftari lenye mihuri na saini, akalifungia kabatini kwa uangalifu mkubwa, na mali yake bado ikapotea bila habari, kwa kuwa maneno yaliyomo humo hayakuwa maneno yake. Alitunza karatasi; maana ilikuwa mikononi mwa mwingine.

Swali la makala haya, basi, ni la maadili kabla ya kuwa la sarufi. Je, taifa lina wajibu wa kuipa biashara maneno ambayo raia wake wanayaelewa? Na likiisha kuwapa maneno hayo, je, wajibu wake umekwisha? Ili kujibu, yafaa tuwatazame kwanza watu walio mbali nasi kwa masafa na hali ya hewa, ambao wameushika wajibu huu kwa bidii kuliko wengi, nao ni watu wa Aisilandi. Mfano wa mbali una faida yake. Hutuwezesha kulichunguza kwa utulivu jambo ambalo kwetu nyumbani huzua ubishi upesi.

Aisilandi ni kisiwa cha Atlantiki ya Kaskazini, nchi ya volkano na barafu, ambayo mwaka 2025 wakazi wake hawakufika 400,000. Kwa muda mrefu kilikuwa chini ya wafalme wa Denmark. Kuanzia mwaka 1602 hadi 1787 biashara yote ya kisiwa hicho ilikuwa haki ya wafanyabiashara waliopewa kibali na mfalme. Mkulima aliyekuwa na samaki mkavu au soksi za sufu hakuruhusiwa kumwuzia amtakaye. Ilimpasa amwuzie mwenye kibali, kwa bei iliyokwisha pangwa. Mizani, ghala na daftari vilikuwa mikononi mwa watu waliosema Kidenmark. Hivyo lugha ya kuzaliwa ikabaki kuwa lugha ya mashamba, kanisa na hadithi za mababu, na lugha ya kigeni ikawa lugha ya bei.

Mwaka 1813 mwanaisimu wa Denmark, Rasmus Rask, mtu aliyekipenda mno Kiaisilandi, alifika Reykjavik akakuta Kidenmark kimeutawala mji huo wa biashara. Akaandika kwa huzuni kwamba, hali ikiendelea hivyo, baada ya miaka mia hatapatikana mjini humo mtu wa kukielewa Kiaisilandi. Mwaka 1816 alishiriki kuunda chama cha fasihi ili kukinusuru. Utabiri wake haukutimia. Nchi ilipata mamlaka yake mwaka 1918, ikawa jamhuri mwaka 1944, na lugha iliyotabiriwa kifo ndiyo iliyoandika sheria za jamhuri hiyo.

Haikutokea kwa bahati. Tangu mwaka 1941 wahandisi wa umeme wa nchi hiyo wamekuwa na kamati yao ya kuunda istilahi. Mwaka 1964 serikali iliunda baraza la lugha, na mwaka 2011 bunge lilitunga sheria ya kukithibitisha Kiaisilandi kuwa lugha ya taifa. Desturi yao ni hii: kitu kipya kikiingia nchini, watafutie kwanza jina katika hazina ya zamani. Simu waliiita “sími”, neno la kale lililokuwa na maana ya uzi. Kompyuta ilipokuja, mwanazuoni Sigurður Nordal alipendekeza mwaka 1965 neno “tölva”, aliloliunda kwa kuunganisha neno la tarakimu na neno la mwanamke mwaguzi wa hadithi za kale. Hivyo mashine ile ikawa mwaguzi wa tarakimu.

Katika biashara walifanya vivyo hivyo. Mfumuko wa bei huitwa “verðbólga”, yaani uvimbe wa bei, kama uvimbe wa mguu ulioteguka. Kufilisika ni “gjaldþrot”, yaani malipo yamefika ukomo. Hisa ni “hlutabréf”, waraka wa fungu. Hati fungani ni “skuldabréf”, waraka wa deni. Mkaguzi wa hesabu ni “endurskoðandi”, yaani mwenye kutazama tena. Kuaminika kwa mkopaji ni “lánstraust”, imani ya mkopo. Na kampuni ni “félag”, neno la kale lenye asili ya watu walioweka pamoja mali yao. Sehemu yake ya kwanza, “fé”, hadi leo ina maana mbili: fedha na mifugo, hasa kondoo. Msomaji anayetoka katika jamii ya wafugaji hatahitaji kuelezwa kwa nini maana hizo mbili zimelala zizi moja.

Tutazame sasa Kiingereza, lugha ambayo biashara ya dunia imeivaa. Wengi hudhani kwamba Mwingereza anazo istilahi zake mwenyewe na sisi wengine ndio tunaoazima. Si kweli. Neno lake la mtaji, “capital”, lina asili ya Kilatini. Neno lake la rehani ya nyumba, “mortgage”, ni la Kifaransa cha kale na maana yake ya asili ni ahadi iliyokufa. Neno lake la mfilisika, “bankrupt”, lina mizizi katika Kiitaliano, katika habari ya benchi la mvunja fedha lililovunjwa. Mtoto wa London huyapokea maneno haya kama sauti tupu, akafundishwa maana yake baadaye, au asifundishwe kabisa. Kwa hiyo kizuizi kilichopo kati ya raia na lugha ya fedha hakiko Afrika peke yake. Kipo hata kati ya Mwingereza na Kiingereza chake.

Na Kiswahili je? Lugha yetu ilizaliwa na kukulia bandarini, nayo haikuona haya kupokea. Bei, faida, hasara, hisa, rehani na dhamana tulivipata kwa Waarabu. Hundi na pesa vilitufikia kutoka Bara Hindi. Hela ni kumbukumbu ya sarafu ya Wajerumani. Benki, cheki na kampuni vimetoka kwa Waingereza. Hata neno bepari, ambalo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilivuma katika kila mkutano, asili yake ni neno la Kihindi la mfanyabiashara. Je, kwa kuazima huku tumekuwa maskini kuliko Waaisilandi? La hasha. Neno likikaa vizazi kadhaa midomoni mwa watu, likapata methali zake, likatumika sokoni na msibani, huwa ni lao. Hakuna mama muuza samaki wa Bagamoyo anayehitaji mkalimani ili aelewe neno hasara.

Tena lipo jambo la kustaajabisha. Mtaji wa asili, kabla ya faida, kwa Kiaisilandi huitwa “höfuðstóll”, na sehemu ya kwanza ya neno hilo maana yake ni kichwa. Neno la Kilatini lililozaa “capital” nalo ni kichwa. Nasi tunalo raslimali, lililotokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya kichwa cha mali. Vilevile riba kwa Kiaisilandi huitwa “vextir”, kutokana na kitenzi cha kukua, na riba yetu inatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuongezeka. Watu wa barafu na watu wa minazi wameiona fedha kwa jicho moja: ina kichwa, nayo huota na kukua. Tofauti ni kwamba neno letu lilikuja na hukumu ya dini mgongoni, na hata leo hulisikii bila kuhisi onyo. Neno la kuazima laweza kuwa na dhamiri kuliko neno la kuundwa.

Kwa hiyo asili ya neno si kipimo chetu. Yeyote anayehubiri usafi wa lugha kwa ajili ya usafi tu, hubaki akichunga mipaka ya kamusi huku wenye mali wakivuka mipaka ya haki. Kipimo chetu kiwe ridhaa. Biashara yote, tangu kununua fungu la mchicha hadi kukopa mamilioni, husimama juu ya ridhaa ya watu wawili. Na mtu haridhii asichokielewa. Anayetia dole gumba chini ya maneno ambayo hayajui hakuridhia, bali amesalimu amri. Katika miaka yangu ya utumishi nimewaona watu wazima, wenye busara na heshima vijijini kwao, wakiinamia karatasi za mkopo na kuuliza swali moja tu: “Niweke wapi saini?” Hawakuuliza ni nini watakachodaiwa, kwa sababu karatasi ile haikuwapa hata neno moja la kuanzia kuuliza. Hapo ndipo lugha inapogeuka kuwa suala la haki. Neno linaloeleweka ni mlango wa swali, na asiyeweza kuuliza hawezi kukataa.

Mpaka hapa yaonekana Waaisilandi wametupa jibu kamili: watungieni watu maneno yao, nao watakuwa salama. Ingekuwa vyema kama mambo yangeishia hapo. Lakini historia yao ya karibuni inatulazimisha kwenda mbele zaidi.

Mwanzoni mwa karne hii benki tatu kubwa za Aisilandi, Landsbanki, Glitnir na Kaupþing, zilianza kukopa na kununua nchi za nje kwa kasi isiyo kifani, hata mali yao kwenye vitabu ikafika karibu mara kumi ya pato la taifa la mwaka. Safari hii ilipewa jina la Kiaisilandi safi kabisa: “útrás”, yaani kutoka kwenda nje. Wakuu wake wakaitwa maharamia mashujaa wa safari hiyo, kwa mfano wa Waviking wa kale. Neno lilikuwa la nyumbani, lenye harufu ya hadithi ambazo kila mtoto alisomewa, na kwa sababu hiyo hasa lilidanganya vizuri. Deni lilivikwa vazi la ushujaa wa mababu. Aliyeuliza maswali hakuonekana mwangalifu, alionekana mwoga.

Tuchukue mfano mwingine, ulio mzito zaidi. Familia nyingi zilikopa kwa mikopo iliyoitwa “gengistryggð lán”. Tukilifasiri jina hilo kipande kwa kipande, ni mikopo iliyopewa usalama kwa kiwango cha ubadilishanaji wa fedha. Sehemu ya katikati ya neno hilo ni ndugu wa neno lao la bima na dhamana. Ni neno la kutuliza moyo. Kila Mwaisilandi aliweza kulisoma. Lakini nani aliyepewa usalama? Si mkopaji. Fedha ya nchi ilipoporomoka mwaka 2008, deni la mkopaji, lililofungwa kwenye fedha za kigeni, lilipanda bila yeye kukopa hata senti moja zaidi. Aliyelindwa alikuwa mkopeshaji. Neno halikusema uongo, bali lilinyamaza juu ya jambo moja, nalo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Mwezi Oktoba mwaka 2008 benki zote tatu zilianguka ndani ya siku chache. Basi je, kazi ya wale waunda istilahi ilikuwa bure? Wapo watakaosema hivyo. Watasema kwamba mwenye njaa hajali uvimbe wa bei unaitwaje, na kwamba lugha ndogo ni gharama, afadhali biashara iachiwe Kiingereza na mashairi yaachiwe lugha ya mama. Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa na watu wa ushairi kama mimi. Hata huko Aisilandi Kiingereza kimeenea sana katika ofisi na biashara. Lakini naona yaliyofuata baada ya anguko ndiyo yanayoijibu.

Kwanza, watu walipata la kusema. Anguko lile waliliita “hrun”, neno lile lile la kuporomoka kwa mawe mlimani, na hawakuhitaji mtaalamu wa kuwafasiria. Walitoka barabarani mjini Reykjavik wakipiga sufuria na vikaango, na vuguvugu lile likapewa jina la mapinduzi ya vyombo vya jikoni. Mwezi Januari 2009 serikali ikajiuzulu. Pili, bunge liliunda tume ya uchunguzi, na mwezi Aprili 2010 tume ikatoa taarifa ya juzuu tisa, iliyoandikwa kwa Kiaisilandi. Waigizaji wa jumba kuu la michezo la jiji wakaisoma taarifa yote kwa sauti jukwaani, usiku na mchana, mbele ya watu. Tufikirie maana yake. Taarifa ya hesabu za benki, jambo kavu kuliko yote, ilisomwa kama tendi zinavyosomwa, na mvuvi na muuguzi wakaketi wakaielewa. Tatu, mwezi Juni 2010 Mahakama Kuu ya rufani ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria haikuruhusu mikopo ya fedha ya nchi ifungwe kwenye viwango vya fedha za kigeni. Baadhi ya wakuu wa benki wakahukumiwa vifungo. Neno la nyumbani halikumzuia mwizi kuingia. Lakini alipokwisha kuingia, lilimwezesha mwenye nyumba kumtaja kwa jina mahakamani.

Zaidi ya hayo, umma wenyewe uliendelea kuita mambo kwa majina yake. Nchini humo kila mtu na kila kampuni ina namba yake ya utambulisho. Wapo wafanyabiashara wajanja ambao kampuni ikilemewa na madeni huiacha ifilisike, wakafungua nyingine yenye namba mpya, duka lile lile na milango ile ile. Ujanja huo huitwa “kennitöluflakk”, yaani uzururaji wa namba. Jina hilo moja ni mashtaka na hukumu kwa pamoja.

Hapa ndipo tunapoweza kurejea kwetu, maana Kiswahili kimepita njia iliyo karibu na hiyo. Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967, na mwaka 1981 ikapata Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kazi ya wataalamu wetu imetupa maneno mema. Mfumuko wa bei ni neno ambalo Mwaisilandi angetuonea kijicho: kwake bei huvimba, kwetu hufumuka kama mshono wa nguo. Mwekezaji tumempata katika kitenzi cha kuweka. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipofungua milango yake mwaka 1998, halikuhitaji kuazima jina. Na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Hayo ni mafanikio, na wanafunzi wanapaswa kuyajua.

Hata hivyo tujipime kwa kipimo kile kile cha ridhaa. Tunasema hati fungani, na wanafunzi wangapi wanatambua kwamba hiyo ni karatasi ya deni, kama Mwaisilandi anavyoliweka wazi? Tunasema mkopo wa masharti nafuu. Nafuu ya nani, na kwa kulinganisha na nini? Tunasema soko huria. Ni nani aliye huru humo, na nani aliyefungwa na bei? Maneno haya yote ni ya Kiswahili fasaha. Lakini ufasaha haujawa ukweli bado, kama vile sahani safi haijawa chakula.

Wakati huohuo, tazameni walivyofanya wananchi wenyewe. Ilipoenea mikopo midogo ya haraka, yenye riba kubwa na marejesho ya kila siku au kila wiki, inayowaandama hasa kina mama wa biashara ndogondogo, watu wa mitaani hawakungoja kikao cha istilahi. Waliiita mikopo ya kausha damu. Jina hilo linaonyesha upande ambao lile la Aisilandi lilinyamaza juu yake: linasema damu ni ya nani. Methali yetu kongwe ilikwisha sema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Neno kausha damu ni binti wa methali hiyo, aliyezaliwa katika zama za simu za mkononi.

Naona basi kwamba wajibu ni wa pande mbili. Taifa lina wajibu wa kutoa maneno: kuhakikisha kwamba mkataba, taarifa ya benki na hukumu vinapatikana kwa lugha anayoota nayo raia, na kwamba neno likiazimwa au likiundwa liwe na mpini wa kushikika. Bila hilo raia ni mgeni katika mali yake. Lakini raia naye ana wajibu ambao hakuna baraza litakaloutimiza kwa niaba yake, nao ni kuliuliza neno: umelindwa nani, umefunguliwa nani, umenyamaza juu ya nini? Taifa lililo na maneno ya kigeni tu haliwezi kuanza maswali hayo. Taifa lililo na maneno yake lakini limeacha kuyauliza, litaimbiwa ushujaa wa mababu huku ghala likibomolewa nyuma ya nyumba.

Kwa walimu nina ombi moja. Somo la istilahi za biashara lisiwe orodha ya kukariri, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Mwanafunzi apewe neno riba, dhamana au hisa, atafute limetoka wapi, linatumikaje sokoni kwao, na katika mkataba linamlinda nani. Kwa wanafunzi nasema hivi: siku moja mtawekewa mbele yenu karatasi na kalamu, na mtu mwenye haraka atawaonyesha mahali pa saini. Msomeeni kwa sauti neno la kwanza msilolielewa, mkamwombe alieleze. Hilo ndilo daftari ambalo wahenga walituusia tulitunze.